Ruhusa ya Kupeana Mkono

Renae Kludt alikuwa amebakiwa na wiki tano, na mtu aliyebakiwa na wiki tano hakai kitini. Alisimama dirishani, akaenda jikoni, akafungua jokofu, akalifunga bila kutoa kitu, akarudi dirishani. Mama yake, Lavonne, alikuwa anamenya viazi. Alimtazama mara ya kwanza, akamtazama ya pili, ya tatu akaweka kisu chini.

"Wewe mtoto, umekalia siafu?"

"Sijakaa, mama."

"Ndicho ninachosema. Kaa! Utanitoboa sakafu."

Alikaa. Goti likaanza kucheza lenyewe chini ya meza mpaka vijiko vikalia.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Serikali kuu ya Marekani, ilipoona wezi wa mitandaoni wanaizidi mbio, iliweka ufadhili: mwanafunzi asomee ulinzi wa kompyuta, serikali imlipie karo, vitabu, chumba na posho, naye akihitimu aitumikie serikali kwa miaka ileile aliyolipiwa. Renae alilipiwa miwili. Alitia sahihi kwa furaha, maana kwao Dakota Kusini mtoto wa mkamua ng'ombe hapati bahati kama hiyo kila msimu. Sharti lilikuwa moja tu. Ndani ya miezi kumi na minane tangu kuhitimu awe ameshaingia kazi ya umma. La sivyo, ufadhili wote unageuka mkopo, na riba juu yake.

Na kazi aliipata, tena mapema. Ofisi moja ya Washington ilimwandikia barua ya ajira. Akanunua sanduku la safari, akawaaga watu kanisani, shangazi zake wakalia. Halafu amri ikashuka kwamba serikali haiajiri tena, na barua ya pili ikaja kuifuta ya kwanza. Walewale waliokuwa wanamdai utumishi ndio waliofunga mlango wa kutumikia. Tangu hapo alikuwa ameomba kazi mia na kumi na mbili. Sanduku lilikuwa bado nyuma ya mlango wa chumba chake, karatasi ya bei ikining'inia.

Benki moja ya Sioux Falls ilimtaka hata kesho, kwa mshahara uliomfanya baba yake apige mluzi. Lakini benki si serikali. Hata angefanya kazi benki mpaka nywele ziote mvi, isingehesabika siku moja ya utumishi. Basi akawa anauza mabuti na maziwa ya unga ya ndama katika duka la wakulima, na kila simu ikilia anaikimbilia.

Lilibaki tundu moja la kupenyea. Kaunti yao, Hartwick, ilikuwa inafikiria kuajiri mtu mmoja wa kulinda kompyuta zake. Bi. Pruitt, msimamizi wa ufadhili, alimwambia kwa simu kwamba kazi ya kaunti nayo inakubalika, ilimradi aanze kabla ya tarehe yake kupita. Madiwani watano wangepiga kura Jumanne. Wote walimjua tangu akinyonya kidole, na hilo halikuwa jambo la kumsaidia.

*

Jumapili ile kabla ya kura, wazima moto wa kujitolea waliwalisha watu katika banda lao, kama kila mwaka theluji inapoanza kuyeyuka. Chakula kilikuwa chislic, vipande vya kondoo vilivyokaangwa kwenye mafuta mengi na kunyunyiziwa chumvi ya kitunguu saumu, pamoja na biskuti za chumvi. Renae alikula amesimama. Hapo ndipo Orlin Weisz alipomjia na sahani yake.

Orlin alikuwa mtu wa maji. Miaka thelathini na moja alizisimamia pampu na mnara wa maji wa kaunti, na vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vinne, cha tano kilichukuliwa na mashine ya kufunga majani. Alikuwa rafiki wa baba yake tangu ujana wao.

"Nasikia serikali imekusomesha wizi," alisema.

"Imenisomesha kuwazuia wezi, mzee Orlin."

"Si ndiyo hivyo hivyo? Anayejua kufunga si anajua kufungua? Haya, pampu zangu sasa naziendesha kwa simu. Mjukuu wangu aliniwekea Krismasi ya mwaka juzi. Nakaa zangu sebuleni, naangalia mpira, naangalia na maji. Jaribu uingie. Ukiweza nakununulia sahani. Ukishindwa, unakuja kunikorogea klorini mwezi mzima."

"Unanipa ruhusa?"

"Nakuambia jaribu! Au chuo kimekufundisha kuogopa?"

Watu wakacheka. Orlin akanyoosha ule mkono wa vidole vinne.

Hapa yafaa kueleza kitu. Somo la kwanza kabisa alilofundishwa Renae chuoni, kabla hata ya kuwasha kompyuta, lilikuwa hili: usiguse mlango wa mtu bila barua yenye sahihi na tarehe. Barua kwanza, kibodi baadaye. Mwenye barua ni mkaguzi, asiye nayo ni mvamizi, hata wakifanya kitu kilekile. Lakini Hartwick watu hukodishana mashamba ya ekari mia nane kwa kupeana mkono, na mkono ule hushika mpaka kwa wajukuu. Kumwambia mtu "niandikie" ni kumwambia kwamba baba yake alikuwa mwongo. Renae alifumbua mdomo aombe barua. Akauona ule mkono unangoja mbele ya watu. Aibu ikamshika. Akaupokea.

Jioni haikufika. Saa tisa mchana alikuwa mezani jikoni na kompyuta yake, mama yake amekwenda kwa jirani, na kabla chai haijapoa alikuwa ndani. Hakuvunja kitu. Hapakuwa na cha kuvunja. Ukurasa wa pampu ulikuwa wazi kwa ulimwengu mzima, na neno la siri lilikuwa lilelile la kiwandani, ambalo hata mtoto angelikisia. Mbele yake kulikuwa na kipimo cha maji mnarani, kipimo cha klorini, na kitufe chekundu cha kusimamisha pampu. Watu elfu nne, hospitali moja, nyumba moja ya wazee, na ng'ombe wasiohesabika.

Hakugusa kitu. Alifungua tu daftari la mashine, mahali inapoandika yenyewe nani kaingia na lini. Aliliona jina la Orlin kila siku, mpira ulipoanza na ulipokwisha. Halafu akaona mara tatu, mwezi Februari, mtu mwingine. Ameingia kutoka mbali, nchi ambayo Orlin hajafika wala hana ndugu. Alikaa dakika nne, dakika sita, dakika arobaini.

Renae alifunga kompyuta, akatoka nje bila koti, akatembea mpaka kwenye boksi la barua barabarani, akarudi, akaenda tena. Gari likapita, dereva akainua vidole viwili kwenye usukani kumsalimu, kama kila mtu anavyofanya huko. Yeye hakumwona.

*

Jumatatu asubuhi alimfuata Orlin kwenye nyumba ya pampu. Mzee alisikiliza huku anafuta mikono kwa kitambaa, uso ukazidi kuwa mwekundu.

"Dakika nne," alisema. "Mtu aangalie maji dakika nne, ndiyo nini? Nani duniani anayataka maji ya Hartwick? Sisi wenyewe hatuyapendi."

"Mara ya tatu alikaa dakika arobaini, mzee."

"Alilala kama mimi."

"Mzee Orlin, chomoa waya wa mtandao. Leo hii. Halafu tuwaambie madiwani."

"Tuwaambie?" Alitupa kitambaa. "Mei nastaafu, binti. Wameshaagiza keki. Unataka niondoke na jina la mzee aliyeacha mlango wa maji wazi miaka miwili? Na wewe je? Utasema ulijuaje? Utasema uliingia?"

"Ulinipa ruhusa."

"Nilikupa mkono," alisema, na sauti yake ikashuka. "Nyamaza mpaka Mei. Upate kazi yako, nipate keki yangu. Baadaye utaufunga kimyakimya, nani ataumia?"

Renae alirudi kwenye gari, akawasha, akazima, akawasha. Akisema, atakuwa amekiri mbele ya watu kwamba aliingia kwenye pampu za serikali bila barua. Kosa hilo lina sheria yake, na mwenye doa la namna hiyo hafai kwa kazi aliyosomeshwa. Miaka yote ingeteketea na mkopo ungebaki. Akinyamaza, kura ingepita na mtu wa Februari angeendelea kuja na kuondoka apendavyo. Alizunguka barabara za mashamba mpaka mafuta yakaribia kwisha. Mchana akauza mabuti, jozi moja akampa mteja, yote ya kushoto.

*

Jumanne, saa tatu asubuhi, madiwani walikaa kwenye chumba cha juu cha mahakama ya zamani. Mabomba ya joto yaligonga ukutani kama mtu anayetaka kutolewa. Kahawa ilikuwa ya tangu alfajiri. Mwenyekiti, Delbert Sayler, muuza matrekta, alivaa miwani kwenye ncha ya pua. Marcy Engbrecht, mwanasheria wa kaunti, alikaa pembeni na kalamu yake. Orlin alikuwa safu ya nyuma, kofia magotini, kwa sababu bajeti ya maji ilikuwa ajenda iliyofuata.

"Haya, Renae," Delbert alisema. "Baba yako mzima? Yule fahali alipona?"

"Wazima wote."

"Vizuri. Sasa sikiliza, mwanangu. Sote tunakupenda. Lakini hii ni pesa ya walipa kodi, na barabara ya kaskazini ina shimo linaloweza kumeza ndama. Hatujawahi kuvamiwa. Kwa nini tumlipe mtu kulinda nyumba ambayo haina mwizi?"

Lilikuwa swali rahisi, na Renae alikuwa na jibu lake karatasini. Alikuwa amelifanyia mazoezi mbele ya ng'ombe. Lilikuwa na takwimu, na mfano wa mji mmoja wa mbali. Lingetosha. Goti lake lilikuwa linacheza, akalikandamiza kwa kiganja. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, likatulia, naye akajua kwamba hasomi ile karatasi.

"Mwizi yupo," alisema. "Ameingia kwenye pampu za maji mara tatu mwezi Februari. Ukurasa uko wazi. Angeweza kusimamisha maji, na mpaka sasa hivi tunavyoongea, anaweza."

Mabomba yaligonga. Diwani mmoja aliyekuwa ananyanyua kikombe aliyatazama yaliyomo, akakiweka chini.

Marcy alikuwa wa kwanza kusema. "Umejuaje?"

"Niliingia nikaona. Jumapili, saa tisa mchana. Sikugusa kitu."

"Kwa ruhusa ya nani?"

Renae hakugeuka nyuma. "Sikuwa na barua. Nilijua natakiwa niwe nayo. Kosa ni langu."

"Sijakuuliza kosa la nani. Nimeuliza ruhusa ya nani."

Nyuma kiti kikakwaruza sakafu, na kila mtu akageuka isipokuwa Renae.

"Yangu," Orlin alisema. Alikuwa amesimama, kofia anaizungusha mikononi. "Nilimpa mkono, kwenye banda la wazima moto, nina mashahidi na walikuwa wameshiba. Nikamcheka mbele za watu mpaka akakubali. Jana kaja kuniambia nichomoe waya, nikamwambia anyamaze. Basi. Sasa mnajua ninyi na keki yenu."

Kukawa na kelele kidogo. Delbert alipiga meza kwa kikombe, na uso wake ukafunguka kama mtu aliyeona njia.

"Sasa shida iko wapi? Mtu wa maji alikubali. Mkono ni mkono. Marcy anataka karatasi, apate karatasi. Katibu, piga chapa hapo, mistari miwili, weka tarehe ya Jumamosi. Orlin atasaini, mimi nitasaini, tupige kura, tukale."

"Mimi sijasikia hilo," Marcy alisema, akaweka kalamu chini.

"Umesikia vizuri tu. Renae, mwanangu, utakuwa na barua yako. Si ndiyo unayoitaka?"

Ndiyo aliyoitaka. Kila kiungo cha mwili wake kiliitaka: wiki tano, kazi mia na kumi na mbili, sanduku nyuma ya mlango. Ilikuwa mbele yake, inatolewa na mtu mwema anayemwita mwanangu, na kukataa kulikuwa kumtukana.

"Hapana, mwenyekiti."

"Hapana nini?"

"Tarehe ya Jumamosi ni ya uongo. Mnataka kuniajiri niwaambie nani aliingia na lini. Ndiyo kazi yote, haina nyingine. Nikianza na tarehe ya uongo, siku nikiwaambia mashine inasema hivi, mtaniamini kwa lipi?"

Delbert alivua miwani. Masikio yake yalikuwa yameiva. Mbele ya madiwani wenzake, mbele ya katibu ambaye ni shemeji yake, msichana ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumpa peremende alikuwa amemwita mghushi. Aliitisha kura bila kumtazama.

Wawili walisema ndiyo. Wawili walisema hapana, mmoja akiongeza kwamba asiyejua kunyamaza hafai ofisini. Ikabaki ya mwenyekiti. Alichukua muda mrefu kufuta miwani.

"Nitasema kweli," alisema mwishowe. "Sikupendi hata kidogo leo, Renae. Nitarudi nyumbani, na shemeji yangu atakuwa ameshapiga simu. Lakini kila mtu kwenye jengo hili ananipenda, au anajifanya, na angalia, maji yamekaa wazi miaka miwili. Nahitaji mtu mmoja huko chini asiyejali nimekunja sura au la. Ndiyo. Na wewe Orlin, usisubiri ajenda yako. Nenda kachomoe huo waya sasa hivi."

Orlin alikuwa ameshafika mlangoni.

*

Mchana huohuo Renae alimpigia Bi. Pruitt akamweleza yote, akiwa amesimama kwenye maegesho ya mahakama, theluji iliyoyeyuka inaingia kwenye viatu.

"Andika," Bi. Pruitt alisema. "Yote. Weka tarehe ya leo, utume leo. Siwezi kukuahidi kitu."

Siku tatu alikuwa hakai wala halali, mama yake akaacha hata kumsema. Majibu yalikuja Ijumaa. Kazi ya kaunti imekubaliwa, aanze Jumatatu. Barua ya onyo itawekwa kwenye faili lake, na ofisi yoyote itakayolifungua huko mbele itaisoma. Alijua maana yake. Ile ofisi ya Washington, ikiwahi kufungua tena mlango wake, ingeisoma kwanza kabisa. Alilia kidogo kwa hilo la pili, na kwa hilo la kwanza akamkumbatia mama yake mpaka viazi vikaungua. Kisha akalitoa sanduku nyuma ya mlango, akaling'oa ile karatasi ya bei, akalipeleka stoo.

Jumatatu ilipofika, baba yake alimshusha nyumba ya pampu kabla jua halijapanda. Wataalamu wa jimbo walikuwa njiani kuja kuchunguza alichofanya mgeni wa Februari, na walimtaka atayarishe kila kitu. Orlin alikuwa nje, anakoroga kahawa kwa bisibisi. Keki yake haikufutwa. Walichofuta ni hotuba.

"Haya, bosi," alisema. "Mlango uko wazi. Ingia."

Renae alitoa karatasi mfukoni mwa koti, akaitandaza kwenye boneti ya pikapu ya mzee. Ilikuwa na mistari sita: atakachokagua, tangu saa ngapi mpaka saa ngapi, asichoruhusiwa kugusa. Chini palikuwa na mahali pa sahihi.

Orlin aliisoma akisogeza kichwa nyuma, kwa kuwa miwani ameisahau. Akaisoma tena. Taya lake likakaza, na kwa muda Renae alidhani ataikunja amrudishie.

"Baba yako anajua unanifanyia hivi?"

"Yule pale anatuangalia."

Kwenye gari lililokuwa bado linanguruma, baba yake aliinua vidole viwili juu ya usukani. Orlin akavirudisha. Akatoa kalamu iliyotafunwa, akasaini, akaandika tarehe, akauliza ni saa ngapi, akaandika na saa. Kisha akabaki amenyoosha ule mkono wa vidole vinne, hewani, kati yao.

"Karatasi umepata," alisema. "Na huu nauweka wapi?"

Renae aliikunja barua, akaitia mfukoni, akafunga na kifungo. Ndipo akaushika mkono, akautikisa mara moja kama wanavyofanya watu wa kwao, akaingia ndani haraka kabla mzee hajayaona machozi yake. Humo ndani pampu zilikuwa zinanguruma. Kulikuwa na kiti. Hakukikalia.